Kabla hujalipia kitabu cha picha cha nyimbo za watoto, kiimbe kwanza pale pale dukani

MamaWaIlazo:

Wanajukwaa, habari za jioni. Naandika nikiwa Ilazo, Dodoma, watoto wamelala na upepo unapiga mabati. Uzi ni mrefu, wenye watoto wadogo naomba mnivumilie.

Nina binti wa miaka 3 na nusu na mdogo wake wa miezi 14. Mwezi uliopita nilipita steshenari moja mjini nikakuta kitabu kinachopendeza mno kwa macho: gamba gumu, kurasa zinang'aa, kila ukurasa wimbo mmoja na picha yake. Zote ni nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa. Nikalipa elfu kumi na tano papo hapo. Usiku nikawapakata wote wawili, nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza binti alitazama picha. Wa pili akawa anachezea vidole vya mdogo wake. Wa tatu akakifunga kitabu kwa mikono miwili akaniambia, "Mama, imba ule wa bibi."

Ule wa bibi hauna kitabu. Ni wimbo wa kumrusha mtoto magotini ambao mama yangu huuimba kila anapokuja kutoka Mpwapwa.

Niliumia, siwafichi, na si kwa ajili ya hela. Nilitaka sana wanangu wapende kitabu kama wanavyopenda kurushwa magotini. Walipolala nikakaa na kile kitabu jikoni, nikakisoma kwa sauti mstari kwa mstari huku nagonga meza kwa kijiko. Ndipo nikasikia kilichomchosha binti.

Chukueni ule wimbo wa nyota, "Twinkle, Twinkle, Little Star", unaoimbwa karibu kila chekechea. Maneno yake ni shairi la Jane Taylor, lilichapwa London mwaka 1806. Kila mstari una mapigo manne, na pigo la nne linatua kwenye silabi ya mwisho kabisa. Kwa Kiingereza linatua vizuri, maana wana maneno mengi ya silabi moja, na neno la namna hiyo hubeba pigo popote ulipoliweka. Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: NYO-ta, a-NGA-ni, JU-u. Ukiibana tafsiri ndani ya tuni ile, kila mwisho wa mstari unajikuta unaimba nyo-TA, anga-NI. Mtoto wa miaka 3 hajui mkazo ni nini, lakini masikio yake yanajua kwamba hakuna mtu nyumbani anayesema hivyo.

Halafu vina. Kina chetu ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake: bu kwa bu, ni kwa ni. Katika kile kitabu maana ilihamishwa yote, kwa uangalifu kabisa, lakini mistari haikupewa vina vipya baada ya vile vya Kiingereza kupotea. Kilichobaki ni maelezo ya wimbo. Mtoto huwezi kumbembeleza kwa maelezo.

Jambo la pili ni picha. Palipoandikwa paka, kachorwa paka, basi. Mtoto akishamwona paka, ukurasa umekwisha. Nikakumbuka vitabu vya Mwingereza Randolph Caldecott, ambaye alianza kutoa vitabu vya picha vya nyimbo za watoto mwaka 1878 na akafariki 1886. Ni vya zamani kiasi kwamba vimewekwa mtandaoni bure, mnaweza kuvitazama. Kuna wimbo wao unaoishia pale sahani inapotoroka na kijiko. Maneno yanakoma hapo. Caldecott akaongeza picha moja isiyo na neno hata moja: sahani imevunjika vipande vipande, na kijiko kinapelekwa nyumbani na uma na kisu, kama binti anayerudishwa na baba na mama yake. Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza kabisa. Mtoto akifika hapo lazima aulize, na akiuliza tu, mmeshaanza kuzungumza.

Basi kesho yake nikakata boksi la sabuni, nikagundisha karatasi nyeupe juu yake, nikatunga wa kwangu. Sisi watu wa Dodoma tuna zabibu, nikaanza na zabibu:

*Zabibu, zabibu,*
*zimeiva, karibu!*
*Babu njoo na bibi*
*tuchume taratibu.*

Nimechora babu, bibi na kapu. Pembeni, nyuma ya nguzo ya mzabibu, nimechora mbuzi anakula kishada kizima, na kwenye maneno sikumtaja. Binti hakumwona usiku wa kwanza. Usiku wa pili tuko katikati ya wimbo akapiga kelele, "Mbuzi! Anaiba!" Tangu hapo hatuimbi mstari wa nne mpaka kwanza mbuzi akemewe. Mdogo wake hajui kusema mbuzi, anagonga kwa kiganja pale pale alipo mbuzi, kisha ananitazama.

Ukurasa wa pili ni mbuyu:

*Mbuyu mbuyu wa porini,*
*umebeba nini ndani?*
*Maji yangu ya thamani,*
*ya kunywa kiangazini.*

Huu bado haujakaa sawa mdomoni, nadhani mstari wa kwanza unazidi.

Ninachowaomba wenzangu ni hiki: mkienda kununua, msione haya, kiimbeni kitabu hapo hapo kaunta. Ulimi ukijikwaa mara tatu katika ukurasa mmoja, kirudisheni. Na mniambie ninyi mnaimba nini na watoto, na mnatumia kitabu gani au mmejitengenezea vipi.

---

MwalimuWaAwali:

Mama wa Ilazo, ahsante kwa uzi. Nafundisha darasa la awali huku Chamwino. Nianze na mbuyu wako. Umehisi sawa, mstari wa kwanza una mizani 10 na mingine ina 8. Ile m ya mwanzo ni silabi inayosimama yenyewe: m-bu-yu, tatu. Wanafunzi wangu hupiga makofi matatu bila kufundishwa, sisi watu wazima ndio tunapiga mawili kwa sababu macho yetu yamezoea maandishi. Jaribu "Mbuyu kule porini". Ni 8 kamili.

Hilo la makofi si mchezo tu. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 1989, wa Peter Bryant na wenzake, waliofuatilia watoto 64 kuanzia umri wa miaka 3 na miezi 4 mpaka miaka 6 na miezi 3. Waliokuwa wanajua nyimbo nyingi za kitoto mwanzoni ndio waliokuja kuwa wepesi kutambua sauti ndani ya maneno, na wepesi huo ukaenda pamoja na kusoma vizuri, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za akili na hali ya nyumbani. Wale ni watoto wa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni mtihani hata kwa mtu mzima. Kwetu herufi zinasomeka jinsi zilivyoandikwa, na tunafundisha kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kwa hiyo mtoto aliyeimba "zabibu, karibu, taratibu" mara mia anafika darasani "bu" anayo tayari masikioni. Mimi namwonyesha tu sura yake.

Darasani kwangu kitabu kimoja hakiwatoshi watoto wote walioketi kwenye mkeka, wa nyuma wanaona mgongo wa mwenzao. Nachora wimbo kwenye manila kubwa na kuitundika. Naonyesha kila silabi kwa fimbo nyembamba tunavyoimba, taratibu, mpaka jicho na sauti viende pamoja. Mzazi mwenye mtoto mmoja mapajani ana bahati kubwa, kidole chake kinatosha.

---

BabaWaIjumaa:

Wakuu, mimi nafanya kazi Dar, familia iko Nkuhungu. Tangu treni ya umeme ilipofika Dodoma mwaka 2024 narudi kila Ijumaa, mwanangu ana miaka 4 na ananisubiri na kitabu mlangoni. Swali langu ni la dhati. Tumempeleka shule inayofundisha kwa Kiingereza. Wanaimba za Kiingereza kutwa nzima. Nikimwimbia za Kiswahili nyumbani sitamchanganya?

---

MamaWaIlazo:

Mwalimu, "Mbuyu kule porini"! Nimeuimba mara moja tu na umekaa. Nimekwisha ufuta ule wa zamani na kuandika juu yake.

Baba wa Ijumaa, hutamchanganya. Watoto wengi hapa Dodoma wanakua na Chigogo kwa bibi na Kiswahili barabarani, na lugha wanazitenganisha wenyewe kulingana na mtu wanayeongea naye. Nyimbo za Kiingereza sizipingi hata kidogo. Za Kiingereza mwimbie kwa Kiingereza, nzima nzima, na kitabu chake cha Kiingereza, maana ndivyo zilivyotungwa na ndivyo zinavyopendeza. Za Kiswahili mwimbie za Kiswahili. Ninachokikataa ni kile cha katikati, maneno ya kwetu kwenye mapigo ya watu wengine, ambacho hakimpi mtoto lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Na kwa kuwa uko mbali siku tano, ungejaribu kutengeneza nakala mbili za kitabu kimoja. Moja abaki nayo mama, moja ukae nayo Dar. Jioni mnapigiana simu, kila mtu anafunua ukurasa wake.

---

KijanaMpole:

Mimi sina mtoto ila nina wadogo zangu. Kwa nini mjisumbue na maboksi wakati katuni zipo kwenye simu? Akili and Me ya Ubongo ni ya hapa hapa Tanzania, ina nyimbo, ina Kiswahili safi, na mdogo wangu kajifunza kuhesabu humo.

---

MwalimuWaAwali:

Kijana, hiyo ni kazi nzuri na hata mimi naitumia. Tofauti yake ni kwamba simu haimsubiri mtoto. Mbuzi wa Mama Ilazo kwenye katuni angeonekana sekunde mbili akapita. Kwenye kitabu mtoto anaweka kidole, anakaa hapo anavyotaka, anarudi nyuma, na mtu aliyempakata anamjibu. Kwa wa chini ya miaka 3 hilo la kujibiwa ndilo kubwa kuliko yote.

Tena tukiwa kwenye mambo ya mtandao: tafuteni African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Wana vitabu vya picha vya Kiswahili vyenye leseni huria, unapakua na kuchapisha bila kumwomba mtu. Vingi ni hadithi kuliko nyimbo, lakini wapo waliotunga kwa mistari mifupi inayojirudia, hiyo inaimbika. Ziimbeni kwanza kama alivyosema mleta uzi.

---

BibiWaMvumi:

Mbukwenyi wanangu. Mjukuu wangu ananiandikia haya, mimi nasema yeye anabonyeza.

Sisi tulilelewa bila vitabu na tuliimba. Mama akitwanga uwele anaimba, na wimbo unafuata mchi, mchi haudanganyi. Wimbo usiokwenda na mchi ulikuwa unaachwa. Mtoto mgongoni alikuwa anausikia wimbo kwenye masikio na kwenye mbavu za mama yake. Baadaye akisikia ngoma ya muheme tayari mwili unaijua. Msidhani marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alianza muziki siku aliyoshika ilimba, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Huku Ugogo mtoto huanzia mgongoni.

Kwa hiyo huyu mama anayesema kiimbe kitabu kabla ya kununua, anasema kweli. Lakini nina ombi. Wajukuu zangu walioko mjini wananisalimia "Shikamoo bibi" na baada ya hapo hatuna la kuimba pamoja. Kiswahili changu cha nyimbo ni kidogo, Chigogo chao hakipo. Mkitengeneza hivyo vitabu vya maboksi, acheni kurasa mbili za Chigogo. Mtoto alete kitabu kwa bibi yake, bibi atazame picha aimbe anaoujua, hata kama hasomi. Mimi sisomi bila miwani na miwani imevunjika, lakini picha ya kinu na mchi nitaijua tu.

---

MamaWaIlazo:

Shikamoo bibi. Nimesoma maneno yako nikamwita mume wangu naye asome. Hilo la picha bila maandishi sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nafikiria kitabu cha nyimbo ni lazima kiwe na maneno.

Kesho nachora kinu na mchi, ukurasa mzima, chini naacha wazi. Mama yangu akija atauimba wa kwake na binti ataujua kwa hiyo picha. Akitokea bibi mwingine na wimbo mwingine wa kutwanga, ukurasa ni ule ule.

---

BibiWaMvumi:

Marahaba mwanangu. Mchi uuchore mrefu. Na mchore mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto awe macho.

---

FundiKaratasi:

Nina steshenari ndogo maeneo ya chuo, nachapisha na kubaindi kila siku, niwape ya ufundi maana naona wengi mtaanza kukata maboksi.

Vumbi la Dodoma na mate ya mtoto ndivyo vinavyoua kitabu. Karatasi ya kawaida kwa mtoto wa mwaka mmoja haimalizi siku mbili. Chukua manila nzito, chora pande zote, kisha leta ipigwe laminesheni. Acha ukingo wa plastiki wa nusu sentimita kuzunguka karatasi, ukikata sawa na karatasi maji yanaingia na kurasa zinaachana. Pembe zikate ziwe mviringo, pembe kali ya laminesheni inachana shavu la mtoto. Usitumie pini za stepla kamwe kwa wa chini ya miaka 3, zikilegea anameza. Toboa matundu mawili, shona kwa uzi wa katani au funga kwa utepe wa kitenge, na fundo liwe fupi.

Kurasa 8 zinatosha. Kitabu cha mtoto kikiwa kinene hawezi kukifunua mwenyewe, na akishindwa kufunua anakitupa. Nimeliona kwa mwanangu.

Wino wa printa za kawaida ukilowa unatoka, kwa hiyo kama hupigi laminesheni chora kwa kalamu ya risasi na upake rangi za nta. Mama Ilazo, boksi la sabuni lina harufu, mtoto mdogo ataling'ata. Badilisha.

---

MamaWaIlazo:

Nimekwisha kulibadilisha, ahsante sana fundi. Kweli lilikuwa limeng'atwa pembe moja.

Sasa nina la mwisho linalonisumbua. Kuna ule wimbo wa kuzunguka duara, wa mnazi, ambao sote tumeuimba. Nimeuchora. Binti akaniuliza ukuti ni nini. Nikamwambia ni jani la mnazi. Akauliza mnazi ni nini. Dodoma hii nitamwonyesha wapi mnazi? Nikamwonyesha nazi sokoni Majengo, akasema hilo ni jiwe lenye nywele. Je, niutoe, niweke mbuyu pahali pake?

---

MpwaniWaTanga:

Dada, usiutoe. Mimi ni wa Pangani, nimeoa Kondoa, na mbuyu nilianza kuuthamini kwa sababu ya nyimbo za wakwe zangu. Mtoto anaweza kuimba kitu ambacho hajakiona, mradi picha imwonyeshe kinavyofanya kazi, maana jina peke yake litampita.

Usichore mnazi kama mti wa kwenye kadi ya salamu. Chora mtu kakaa chini anasuka makuti, kuti moja limelala mapajani mwake. Chora nyumba iliyoezekwa makuti. Chora mtu kapanda, miguu imebana shina. Kisha mwambie bintiyo hivi: mnazi ukitikiswa na upepo wa bahari, makuti yanayumba, ndiyo maana kwenye duara mnayumba. Huko kwenu upepo hamkosi. Siku ya upepo mtoe nje, mwambie anyooshe mikono, yeye ndiye kuti.

Na ukitaka, mweke mbuyu kwenye ukurasa unaotazamana na mnazi. Huo una nazi juu, huo una maji ndani.

---

BabaWaIjumaa:

Nimerudi na taarifa. Nimechora zabibu nakala mbili kama mlivyosema, fundi kanipigia laminesheni. Jana usiku kwenye simu mwanangu kanisahihisha mara mbili, nilikuwa naimba "taratibu" haraka mno. Mbuzi kwenye nakala yangu nilisahau kumchora. Akaniambia, "Baba, cha kwako kina zabibu nyingi kwa sababu mbuzi wangu yuko huku."

---

MamaWaIlazo:

Baba wa Ijumaa, usimchore. Kiache hivyo hivyo.

Mpwani, nimefanya kama ulivyoniagiza: msukaji, nyumba ya makuti, na mkweaji kabana shina. Leo saa kumi jioni upepo ulikuwa mkali, nikamtoa binti uani, akanyoosha mikono akayumba mpaka akaangukia ndoo. Mdogo wake alitambaa akafika, akashika nguo yake, akayumba naye.

Kitabu sasa kina kurasa 6: zabibu, mbuyu, kinu cha bibi kisicho na maneno, mnazi, na mbili bado nyeupe. Kwenye mnazi, chini kabisa karibu na mizizi, nimechora kaa mdogo mwekundu akichungulia kutoka shimoni. Binti bado hajamwona.